Bisbee, Mji Uliobaki Baada ya Shaba

Juma hili twawapeleka mbali, hata Marekani, katika nchi kavu ya Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko. Mji waitwa Bisbee. Tulikaa huko Jumamosi na Jumapili tu, lakini mtu wa Likasi au wa Kolwezi hahitaji siku nyingi ili auelewe. Ulizaliwa na shaba, ukanenepa kwa shaba, kisha siku moja shaba ikaachwa.

Barabara yapita jangwani penye miiba na mawe, halafu yapanda milima ya Mule hata kupita mita 1,600. Nyumba zimeshikilia magenge kama mbuzi, na watu huzifikia kwa ngazi ndefu za saruji. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, wageni hushindana kuzipanda. Sisi tulipanda bila kushindana na mtu, na hata hivyo pumzi ilituishia.

Shaba iligunduliwa hapo mwaka wa 1877, na mji ukaanzishwa mwaka wa 1880. Kampuni ya Phelps Dodge ikawa bwana wa karibu kila kitu. Shimo kubwa la wazi, liitwalo Lavender, lilichimbwa kuanzia mwaka wa 1950, nalo likameza sehemu kubwa ya mtaa wa Lowell. Tuliposimama ukingoni, tukitazama miamba myekundu na ya zambarau, hatukuweza kuufurahia uzuri wake tu. Wasomaji wetu wa Kolwezi, walioona shimo likikaribia ukuta wa nyumba, watatuelewa.

Mwaka wa 1974 kazi ya shimo hilo ikakoma, na mwaka wa 1975 migodi ya chini ikafungwa. Jamaa nyingi zikahama. Nyumba zikauzwa kwa bei ndogo sana, zikanunuliwa na wachoraji, wafinyanzi, vijana wasiopenda miji mikubwa, na wazee waliostaafu. Wenyeji waliobaki hawakukaa kulia. Wengine walijitolea kuondoa kifusi katika mgodi wa zamani, na mwezi wa Februari 1976 ukafunguliwa kwa wageni.

Nasi tuliingia. Walituvika kofia ngumu na koti la njano, wakatupa taa, tukapanda kigari-moshi kidogo kiingiacho mlimani mita 450 hivi. Nje jua lachoma, ndani baridi kama ya nyuzi 8. Watoto waliokuwa pamoja nasi walicheka mno walipoonyeshwa gari la choo lenye viti viwili, ambalo wachimbaji walilisukuma juu ya reli. Lakini waongozi walipozima taa, kicheko kilikatika. Waongozi wa kwanza walikuwa wachimbaji wenyewe waliopoteza kazi. Twafikiri juu ya baba aliyerudi katika shimo lile lile, safari hii bila nyundo, awaeleze wageni jinsi alivyoishi.

Kuna jambo ambalo mji huo ulilinyamazia kwa miaka mingi. Mwezi wa Juni 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, wachimbaji waligoma. Walidai usalama zaidi chini ya ardhi na mshahara wa haki. Maana Wameksiko walilipwa kidogo kuliko wengine. Alfajiri ya tarehe 12 Julai, mkuu wa polisi wa wilaya, Harry Wheeler, akiwa na raia karibu 2,000 wenye bunduki, akawakamata watu majumbani mwao. Wakakusanywa katika uwanja wa mchezo huko Warren. Aliyekubali kurudi kazini aliachwa. Wengine, karibu 1,200, wakasukumwa ndani ya mabehewa ya ng'ombe yenye mavi bado, wakapelekwa katika jangwa la New Mexico na kuachwa huko. Katika jamaa moja, ndugu alimkamata ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka wa 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema serikali ya taifa haina uwezo wa kushitaki jambo hilo. Na mtu mmoja tu aliyehukumiwa huko Arizona aliachiliwa.

Tuliposikia habari za uwanja ule, tulikumbuka uwanja wa mpira wa Elisabethville, Desemba 1941, na wagomaji waliopigwa risasi. Wajukuu wangapi kwetu wamesimuliwa habari hiyo nyumbani? Bisbee walingoja miaka mia. Mwaka wa 1917 ulipotimiza karne, wenyeji, wengine wa uzao wa waliofukuzwa na wengine wa uzao wa waliofukuza, waliigiza siku ile barabarani, na filamu ikatengenezwa.

Jumapili tulitembea penye kanisa la Mtakatifu Patriki, juu ya kilima, lililojengwa siku za utajiri. Mwaka wa 1910 mji ulihesabu watu 9,019. Mwaka wa 2020 walikuwa 4,923. Watu husema Bisbee umefufuka, nasi twakubali nusu. Maduka yamefunguliwa, hoteli ya mwaka wa 1902 yapokea wageni, na fairuzi ya buluu ya machimbo yale yauzwa ghali. Lakini mshahara wa kuuza kahawa si mshahara wa mchimbaji, na watoto wengi wa wachimbaji hawakurudi.

Jioni tuliondoka kwa njia ile ile. Kifusi cha zamani kilikuwa kingali chekundu kando ya barabara, na watu wawili walikuwa wakipaka rangi mlango wa nyumba ndogo ya mchimbaji.