Dawa Moja, Majina Mawili

Majira ya baridi yaliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani anayesomea shahada ya uzamili mjini Chicago alishikwa na homa. Hakwenda katika zahanati ya chuo. Aliandika katika kundi la WhatsApp la Wakenya wanaoishi huko, na kabla ya nusu saa kupita alikuwa amepokea ushauri wa kila namna: anunue Tylenol, anywe dawa ya maji ya mafua inayouzwa kwa ajili ya usiku, na asisahau Panadol alizofungashiwa na mamake. Alikwisha kuanza kuufuata ushauri wote wakati muuguzi mmoja Mkenya, aliyekuwa akitoka zamu, alipoyasoma mazungumzo hayo na kumpigia simu. Vitu vyote vitatu vilikuwa na dawa ile ile moja.

Kisa hiki kinanihusu kama mwanaisimu kabla hakijamhusu daktari. Shirika la Afya Duniani lilianza mnamo 1953 kutangaza majina ya dawa yatakayotumika kote ulimwenguni, ili dawa moja isijulikane kwa majina kumi. Dawa iliyomo katika Panadol inaitwa parasetamoli. Wamarekani, hata hivyo, huiita asetaminofeni. Mtu mzima hapaswi kupitisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwani ikizidi huharibu ini. Na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa aweza kujiona hana neno. Kijana huyu hakukosa elimu. Alikosa kisawe.

Kuna wanaowalaumu vijana kwamba wanapenda simu kuliko hospitali. Mimi siafiki. Anayesoma Marekani huogopa gharama, maana hata mwenye bima hajui ataletewa hesabu gani baadaye. Lakini Uingereza je? Tangu Februari 2024 mwanafunzi mgeni hutozwa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza yake ili atibiwe katika huduma ya afya ya taifa, na bado wapo wasiojiandikisha kwa daktari yeyote. Pesa zimekwisha kulipwa! Yamkini kinachowazuia ni maneno. Kiingereza tulichofundishwa darasani chatosha kuandikia tasnifu, ila hakitoshi kumweleza mgeni kichomi, wala moyo unaokwenda mbio usiku wa manane. Neno ambalo sisi hulijua kwa maana ya upasuaji, Waingereza hulitumia pia kwa ofisi ya daktari wa mtaa. Si ajabu mtu aliyeagizwa aende huko akaingiwa na hofu. Katika kundi, mtu husema "naumwa" na akaeleweka.

Hapo ndipo penye mtego vilevile. Sisi husema tuna homa tukiwa na mafua tu, tukiwa na joto jingi mwilini, na hata tukishuku malaria. Mwanafunzi aliyekuja likizo Kisumu, akarejea Leeds na kuandika baada ya wiki mbili kwamba ana homa, ataambiwa na wenzake kuwa ni baridi ya huko, anywe tangawizi. Malaria aina ya falsiparamu hujitokeza wiki moja au zaidi baada ya mtu kuumwa na mbu, pengine hata miezi kadhaa, na ikicheleweshwa huua. Daktari wa huko, ambaye huenda hajaiona kwa miaka, hataifikiria asipoambiwa mgonjwa ametoka wapi. Kundi hilo hilo, likiwa na mtu mmoja anayejua, lingemwambia: nenda leo, useme umetoka Kenya, na udai upimwe damu.

Kwa hivyo sioni haja ya kuwakataza. Vyuo vyetu huwafunza wanaosafiri jinsi ya kuandika barua za kuomba ufadhili; saa moja ingetosha kuwafunza kusoma jina la dawa lililochapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na kutofautisha homa na mafua kwa Kiingereza. Walimu wa lugha tungeweza kuifanya kazi hiyo bila kumsubiri daktari.

Yule mwanafunzi wangu alipimwa damu, ini likapatikana salama. Juzi aliniandikia kuuliza kama pana neno la Kiswahili la kipimo cha juu cha dawa kwa siku, kwani anataka kulibandika juu ya kundi. Nimempa "kikomo". Muuguzi amelipinga, anasema watu watadhani ndicho kiasi cha kumeza.