Pua ya Mbwa Si Tambara la Kupigia Deki

Uliza mtu yeyote Keroka au Kebirigo namna ya kumfundisha mtoto wa mbwa asijisaidie ndani ya nyumba, na jibu utalipata hata kabla hujamaliza swali. Mkamate shingo, msugue pua kwenye kinyesi chake, mzabe makofi mawili, mtupe nje. Atakoma. Mkulima wa majani chai atakwambia hivyo, mwalimu naye vivyo hivyo, na mpangaji wa Nyanchwa aliyeonywa na mwenye ploti kuhusu harufu atakwambia kwa sauti ya juu kuwashinda wote. Ni imani iliyoota mizizi Gusii nzima, na kwingineko Kenya pia. Ni upuuzi mtupu.

Upuuzi unaanzia pale pale puani. Sisi kinyesi kinatutia kinyaa, mbwa hakimtii. Wiki tatu za mwanzo za maisha yake, mamake ndiye anayemlamba ndipo aweze kukojoa na kunya, kisha huyala yaliyotoka ili malazi yabaki safi. Unapomgandamiza pua humo ukidhani unamwaibisha, aibu hiyo ni yako peke yako. Halafu kuna hili: nyumba zetu nyingi za udongo bado hupakwa mavi ya ng'ombe sakafuni ili vumbi litulie. Kilebu anapigwa kwa kuongeza kidogo juu ya kingi alichokikuta. Ningekuwa yeye ningekata rufaa.

Mbwa huunganisha tendo na kile kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde chache. Wewe umetoka shambani, umebwaga kikapu cha chai, umeona lundo karibu na mlango, umemvuta kilebu kutoka chini ya meza alikokuwa amejilaza. Lundo lina saa nzima. Yeye anachokiona ni kwamba umeingia na kumvamia. Basi anafikia uamuzi wa busara kabisa kwa upande wake: kujisaidia mbele ya mtu huyu ni hatari. Kuanzia hapo atajisaidia nyuma ya gunia la mahindi, au chini ya kochi. Ukimtoa nje atasimama kwenye nyasi akikukodolea macho, mkojo ameubana, na mkisharudi ndani atasubiri ugeuke. Nawe utasema ana kichwa kigumu.

Hapo ndipo nasikia ule utetezi wa kila siku: anajua kosa lake, mtazame alivyobana mkia na kuinamisha masikio! Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mbwa walikuwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kitu kitamu, akatoka chumbani, na aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hajala. Wakati mwingine aliambiwa uongo. Sura ile ya “nimekosa” haikutegemea kosa hata kidogo, ilitegemea karipio. Na mbwa waliokaripiwa bila kosa ndio walioonekana wenye hatia zaidi. Kwa hiyo mkia uliobanwa ni dalili ya kukuogopa, wala hauna habari ya lundo lililo mlangoni.

Utetezi wa pili ni wa historia: mzee wetu alimchapa mbwa wake na akakoma. Ndiyo, alikoma. Kilebu wa miezi 2 hana uwezo wa kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu, na akishacheza au kunywa maji hata hizo hazifiki. Akifika miezi 4 hadi 6 kibofu kimekomaa, anaweza. Fimbo ilikuwapo tu wakati mnyama akikua, ikapewa sifa zisizo zake. Jogoo hata asipowika, kutakucha.

Lakini wanaorudia ushauri huu wasichokiangalia kabisa ni nchi yenyewe tunayoishi. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na milima hii hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, mara nyingi ikishuka alasiri. Kilebu ana tumbo linalokaribia kugusa ardhi. Ukimsukuma kwenye nyasi zilizolowa saa kumi na moja jioni, atarudi mbio kwenye joto la jikoni na kumalizia hapo, na si kwa ujeuri. Mtengee pembe upenuni, chini ya mabati, umwage udongo mkavu. Nafasi nayo ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, kwa hiyo yale mambo ya kumwachia mbwa azurure atafute choo chake huishia kwenye mboga za jirani na baraza ya wazee.

Tena mbwa huzoea aina ya ardhi. Kufikia miezi 2 hivi, ameshachagua kile ambacho miguu yake imekizoea wakati wa haja. Aliyelelewa kwenye stoo ya saruji anaamini saruji ndiyo choo. Ukimleta kwenye nyumba ya saruji, kwa maoni yake amefika chooni, tena kikubwa.

Kazi inayofaa haina siri. Akiamka, mtoe. Akimaliza kula, mtoe, maana robo saa hadi nusu saa haja itakuja. Akitoka kucheza, na kabla ya kulala, mtoe tena, kila mara mahali pale pale, na usimsemeshe. Akimaliza tu, hapo hapo, mpe omena mmoja. Huyo omena ana nguvu kuliko mkongojo. Mpe chakula kwa saa maalumu badala ya kuacha bakuli kutwa nzima. Ukimkuta anaanza ndani, mwite, mnyanyue, mkimbize nje amalizie huko. Ukikuta ameshamaliza zamani, kosa ni lako: safisha ukae kimya.

Kusafisha nako watu hukosea. Maji na ufagio huondoa kile tunachokiona sisi, pua ya mbwa bado inasoma kila kitu na inamwambia choo ni hapa. Tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, au siki. Sakafu ikiwa ya udongo, mkojo umezama: kwangua sehemu iliyolowa, itupe, kandika upya. Nyumba moja ikifanya hivyo, “ukaidi” wa mbwa utapungua bila kofi lolote.

Najua jibu lililo tayari: nani ana muda huo? Ni kweli, ni kutoka nje mara nane au kumi kwa siku kwa wiki kadhaa, na mara nyingi kazi hiyo huangukia watoto na akina mama. Asiye na mtu wa kuifanya asichukue mbwa kwa sasa. Kuna pia wale wa “mbwa aliyebembelezwa halindi boma.” Mbwa hubwekea mgeni kwa asili yake. Anayeogopa mikono huuma mkono ulio karibu, na nyumbani mkono huo ni wa mtoto.

Jambo hili halihusu zulia tu. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa 2014 unalenga kuvikomesha kufikia 2030, na ili ufaulu inabidi mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe. Mchanjaji akija shuleni au sokoni anahitaji mbwa anayeshikika. Yule aliyefundishwa na pua yake kwamba mkono wa mtu ni balaa atakata kamba na kutokomea migombani.

Wazee wakinijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, sina ugomvi nao. Kumkunja ni sawa, kumvunja ndiko ninakokataa, na hata Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imekataza kumpiga mnyama kikatili. Kilebu wako akitimiza miezi 3, mpeleke akachanjwe, na umshike wewe mwenyewe wakati wa sindano.