Fizi: Kupandisha jeep na kuivika mapine makubwa si kutengeneza barabara

Wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini. – Nyinyi mulio Baraka, Fizi, Lulimba na Misisi, na nyinyi ndugu zetu muliokimbia vijiji na leo munalala kwa jamaa ao chini ya mahema: leo nataka kusema juu ya jeep zinazotubeba.

Kila majira ya mvua inapoingia, mtindo ni uleule. Patroni anapeleka jeep yake garaji. Fundi anaongeza vyuma kwenye springi, bodi inapanda juu, kisha wanafunga mapine makubwa kuliko yale gari ilizaliwa nayo. Gari inatoka garaji ikiwa ndefu kama twiga, na bei ya safari inapanda pamoja nayo. Tunaambiwa: "Hii haikwami." Na mama mwenye watoto wawili na gunia la vyombo analipa, maana hana njia ingine.

Mwezi uliopita mimi mwandishi wenu nilikuwa ndani ya jeep moja ya namna hiyo, tukishuka kutoka Fizi kuelekea Baraka. Tulikuwa watu 14 ndani, na wengine 5 wamekaa juu ya mizigo. Katikati ya mteremko tukasikia harufu ya freni kuungua. Shofere alikanyaga, gari haikusimama. Akaiegemeza kwenye ukingo wa kilima, ndipo ikatulia. Kijana mmoja alianguka kutoka juu akavunjika mkono. Mwenye gari alipofika alisema: "Ni bahati mbaya."

Hapana, ndugu yangu. Si bahati mbaya. Ni hesabu, na hesabu hiyo mtoto wa shule anaiweza.

Pine la kawaida la jeep nyingi za kazi hapa kwetu lina kimo cha karibu sentimeta 80, kutoka chini mpaka juu. Tuseme unafunga la sentimeta 88. Umeongeza sehemu moja juu ya kumi. Sasa kila gurudumu linapozunguka mara moja, gari inakwenda mbali zaidi, lakini kipima mbio hakijui. Shofere anasoma 60, kumbe anakimbia 66. Na mwendo ukiongezeka hivyo, nafasi ya kusimamia gari inaongezeka zaidi ya sehemu moja juu ya tano. Pahali uliposimama kwa mita 20, sasa unahitaji mita 24 na zaidi. Nani amekuwa ndani ya hizo mita 4? Pengine ni mtoto anayetoka kuchota maji.

Si hilo tu. Freni ni zilezile za zamani, lakini zinashika gurudumu kubwa na zito zaidi. Nguvu inayobaki ya kusimamisha gari inapungua. Wakati wa kupanda kilima, injini inateseka na ambreyaje inaungua, sababu gia zilipimwa kwa pine dogo. Wakati wa kushuka, injini haizuii gari kama mbele, kwa hiyo shofere anakanyaga freni njia nzima mpaka zinatoa moshi. Ndivyo ilivyotufikia.

Tena mama na baba, musidanganyike na urefu. Kuongeza vyuma kwenye springi kunapandisha bodi, lakini ekseli na difu zinabaki palepale chini, na difu ndiyo inayogonga mawe. Ni pine peke yake linaloinua difu, na pine la kuongeza sentimeta 8 linaiinua sentimeta 4 tu. Kwa hizo 4, patroni amepandisha uzito wote wa gari, wa mizigo na wa watu. Mzigo ukiwa juu, kona ndogo ao shimo la upande mmoja linatosha kulaza gari.

Kuna na pine la akiba. Nimeona jeep yenye mapine manne makubwa, na la tano ni lile dogo la zamani, sababu pesa ziliisha. Siku moja kubwa linapasuka porini, wanafunga dogo, wanaendelea na kazi ya magurudumu manne yote. Mapine yasiyolingana yanapigana ndani ya gia na difu mpaka kitu kinavunjika. Na kikivunjika njiani, jioni, nani atalala pale? Ni nyinyi abiria, katika barabara ambayo kila mtu anajua usiku wake.

Ninajua jibu la wenye magari, nimelisikia mara nyingi: "Barabara ni mbovu, tufanye nini?" Ni neno la kweli. Barabara yetu ya kitaifa namba 5 katika majira ya mvua ni tope mpaka magotini. Siwaambii wabaki na mapine yaliyokwisha meno. Lakini mapine mapya ya kimo kilekile, yenye meno makubwa ya tope, yanafanya kazi kubwa. Kupunguza upepo kidogo kabla ya tope, na kuujaza tena baada yake, kunasaidia. Jembe, mbao mbili na kamba ya chuma vinasaidia. Na kupunguza mzigo kunasaidia kuliko vyote, lakini hilo ndilo patroni hapendi kusikia.

Na kama unataka lazima kupandisha gari, fanya kazi yote, usifanye nusu. Mapine matano ya kimo kimoja. Mipira ya freni mirefu, maana ile ya zamani inavutika gari ikiruka shimo. Usukani uzungushwe mpaka mwisho, huku na huku, kuona kama pine linagusa bodi ao mpira wa freni. Shofere ajue kama kipima mbio kinamdanganya. Gari ijaribiwe kwenye mteremko ikiwa tupu, si pamoja na watoto wa watu. Na hakuna mtu juu ya mizigo, hata mmoja.

Nyinyi abiria pia muna macho. Mbele ya kulipa, tazama pine la akiba: linafanana na mengine? Mwambie shofere azungushe usukani, usikilize kama kuna kitu kinakwaruza. Uliza tutakuwa watu wangapi. Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Ndugu zetu wahami, najua munaogopa kuachwa. Basi ulizeni mukiwa kumi, si mmoja mmoja. Patroni hawezi kuacha wateja kumi barabarani.

Neno la mwisho ni kwa wenye magari. Tangu 2008 nchi yetu ina FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, ambao unapata pesa kwenye mafuta na kwenye peaje. Maana yake kila unapojaza tanki umekwisha kulipia hii barabara. Kwa nini unalipia mara ya pili kwa mapine makubwa, na unatulipisha sisi mara ya tatu kwa mifupa yetu? Simama pamoja nasi, udai mifereji, udai madaraja, udai greda lipite mbele ya mvua. Siku ya salongo, leta jeep yako ibebe mawe, sisi tutaleta majembe.

Maana gari ndefu inavusha watu wachache, siku chache. Barabara nzuri inavusha hata yule mama anayetembea kwa miguu.