Mfereji wa Kayole waanzia katika ukungu wa Nyandarua

WAKAZI wa Umoja, Kayole na Dandora wanaijua saa ya maji kuliko wanavyoijua saa ya taarifa ya habari. Mfereji ukianza kukohoa hewa usiku wa manane, nyumba nzima huamka kujaza mitungi, karai na ndoo. Aliyelala fofofo hana budi kumngoja kijana wa mkokoteni asubuhi, amuuzie mtungi wa lita 20 kwa Sh20 au, uhaba unapokithiri, kwa Sh50.

Hesabu ya bei hiyo inasikitisha. Kwa Sh20 mtungi, lita 1,000 hugharimu Sh1,000, ilhali mteja wa kawaida mwenye mita hulipa chini ya Sh100 kwa kiasi hicho hicho. Maskini wa Eastlands hununua maji kwa bei ambayo tajiri wa Lavington hajapata kuisikia.

Lawama zetu huelekezwa kwa kampuni ya maji, na si bure. Si chini ya lita 4 kati ya kila 10 zinazoingia katika mabomba ya Nairobi hupotea kwa kuvuja au kuibwa. Lakini mwandishi huyu, aliyeishi Eastlands kwa zaidi ya miaka 20, anaona kwamba tumekuwa tukilikagua bomba upande mmoja tu. Upande wa pili uko msituni.

Msomaji akumbuke masika ya 2018. Mvua ilinyesha jijini hadi barabara zikageuka mito, na nyumba katika mitaa ya chini zikafurika. Hata hivyo, mgao wa maji ulioanza Januari 2017 uliendelea. Watu waliuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje mtu atembee katika maji ya magoti ilhali mfereji wake ni mkavu.

Jibu ni kwamba mvua ya Nairobi haiinyweshi Nairobi. Kwa miaka mingi, zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji yametegemea bwawa la Ndakaini, katika eneo la Gatanga, Murang'a. Bwawa hilo lililokamilika mwaka 1994 hubeba mita milioni 70 za ujazo, na hulishwa na mito Thika, Githika na Kayuyu. Mito yote mitatu huteremka kutoka misitu ya milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Kiangazi kikiukumba mlima, Kayole hupata kiu hata kama Nairobi inafurika.

Bwawa, hata liwe kubwa namna gani, ni ghala tu. Endapo mito yote ingenyamaza, Ndakaini iliyojaa pomoni ingeikimu Nairobi kwa takriban miezi mitano, kisha basi. Anayelijaza ghala hilo ni msitu.

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki ya Aberdare, zikapanda, zikapoa na kuangusha mvua. Ndiyo sababu upande wa Murang'a una rutuba na mito mingi kuliko upande wa Kinangop. Ukanda wa chini una miti mikubwa ya asili kama mkafuri na mpodo. Juu yake kuna mianzi, kisha nyika ya baridi yenye nyasi ndefu na vinamasi. Miti na mianzi hukinga ukungu, ukadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Majani yaliyooza huufanya udongo uwe kama sifongo: maji huzama polepole, yakatokea kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye. Hivyo mto huendelea kutiririka mwezi Februari, wakati ambapo anga haina wingu.

Hapa yafaa tuwe wakweli, maana kampeni za upanzi wa miti mara nyingi hulifumba jambo hili. Mti wenyewe hunywa maji, na mikaratusi iliyopandwa kando ya mto hunywa mengi mno. Faida kuu ya msitu wa asili ni kuyagawa maji kwa mwaka mzima na kuuzuia udongo usimomonyoke. Ukifyekwa, mvua ile ile hushuka kwa siku chache ikiwa na matope, ikafuatwa na ukame. Kwa mantiki hiyo, serikali iliyotangaza mwaka 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ingepaswa kuulizwa kwanza ni miti ya aina gani, na itapandwa wapi. Miche elfu kumi iliyopandwa mbele ya kamera si sawa na mkafuri mmoja wenye umri wa karne.

Tulikaribia kuupoteza msitu huu. Uchunguzi wa kutoka angani uliochapishwa mwaka 2003 uligundua zaidi ya matanuri 14,000 ya makaa ndani ya misitu ya Aberdare. Ua wa umeme wa takriban kilomita 400, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na shirika la Rhino Ark kwa lengo la kuwalinda vifaru, ulikamilika mwaka 2009 ukiwa umegeuka kinga ya msitu mzima. Sehemu nyingi zimeota upya.

Lakini kiu ya jiji nayo imekua. Handaki la kilomita 11.8 lililozinduliwa mwaka 2022 huchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini, likikusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Mwaka 2016, Raila Odinga alionya kwamba mradi huo ungeigeuza Murang'a jangwa, naye gavana wa wakati huo, Mwangi wa Iria, alidai asilimia 25 ya mapato ya maji kwa ajili ya kaunti yake. Siasa ilikuwa tele katika kauli zote mbili. Hata hivyo, dai la Murang'a lina mashiko: anayekaa juu ya mto na kuutunza anastahili kitu kutoka kwa anayekunywa chini.

Mfano mdogo upo. Tangu mwaka 2015, Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi imewasaidia wakulima wadogo kuchimba matuta na kupanda mabingobingo kwenye miteremko, ili udongo ubaki shambani badala ya kujaza mabwawa. Mkulima hupata lishe ya ng'ombe, na jiji hupata maji yasiyo na tope. Mpango kama huo ungefaa kugharimiwa waziwazi na ada ambayo kampuni za maji hulipa kwa kutumia maji ya mito, badala ya kutegemea ukarimu wa wafadhili.

Mtihani ulio mbele yetu ni wa barabara. Mwaka 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, iliidhinisha barabara ya kutoka Ihithe, Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, Nyandarua, ambayo ingepasua msitu na mbuga ya Aberdare. Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Wakazi wa pande mbili za mlima wana sababu nzuri ya kuitaka: safari ya kuuzunguka ni ndefu, na viazi vya Nyandarua huoza njiani. Watetezi wa mazingira nao wamesema yao. Katika mvutano huo, wabunge wa Embakasi, Makadara na Kasarani, ambao hupiga kelele kila mgao unapotangazwa, hawakusikika sana, ingawa wapiga kura wao wako mwisho kabisa wa bomba na ndio huanza kukosa maji mlima unapokauka.

Wiki ijayo kijana wa mkokoteni atapita tena mtaani kwangu. Nimemuuliza mara kadhaa maji yake yanatoka wapi. Hunijibu, "Pale kwa tangi, mzee."