Kasongo alirudi, bendi yake je?

Desemba 2024 hungepita mahali Nairobi hii bila kumsikia Kasongo. Mathree za 46 zinazoenda Kawangware zilikuwa naye, wauza mitumba wa Toi walikuwa naye, na TikTok ndiyo usiseme. Sisi tuliozaliwa wakati simu ya Nokia ilikuwa utajiri tuliimba wimbo wa 1977 kana kwamba umetoka wiki jana. Mke anamwita mumewe arudi nyumbani, kwa Kilingala, na wengi wetu hatujui hata maneno matano ya Kilingala. Haikujalisha. Baada ya Zakayo ya maandamano ya Juni, Rais Ruto alipata jina jipya, na hata yeye mwenyewe akalitania hadharani.

Kuna kitu kilinisumbua wakati huo wote na bado kinanisumbua. Tulimrudisha Kasongo. Wale waliompigia gita, je? Wako jukwaa gani, na nani anawalipa?

Kwa wale ambao walijua wimbo tu: hao ni Orchestra Super Mazembe. Walitoka Kongo, enzi hizo Zaire, chini ya Longwa Didos, wakapitia Zambia, wakaingia Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Jina lao linatokana na yale matrekta makubwa ya kuchimba na kusawazisha barabara, matingatinga kabisa, na ukisikiza besi yao unaelewa kwa nini. Rekodi ya "Shauri Yako" unayoisikia kila baa ya nyama choma kutoka Dagoretti hadi Kayole pia ni yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Virgin ya Uingereza ikawatolea albamu iitwayo Kaivaska.

Simama hapo Virgin kidogo, kwa sababu hapo ndipo roho yangu inauma. Miaka hiyohiyo, kampuni hiyohiyo ilikuwa na Human League na Culture Club, wale Waingereza wa nywele za ajabu na vinanda vya umeme waliokuwa wanaitwa wimbi jipya. Human League walipiga namba moja kwao mwaka 1981 na "Don't You Want Me", na mpaka uzeeni wameendelea kuzunguka na wimbo huo, mji baada ya mji, watu wanalipa. Culture Club walivunjika 1986, wakarudi 1998, wakaachana tena, wakarudi tena. Blondie wa Marekani walivunjika 1982, wakarudi 1997, na mwaka 1999 wakashika namba moja Uingereza na "Maria". Yaani huko bendi ya zamani kurudi barabarani ni biashara kama biashara nyingine. Kuna promota, kuna bima, kuna mtu kazi yake ni kupigia wazee simu na kuwauliza, mnaelewana siku hizi ama bado?

Super Mazembe walikuwa kwenye rafu moja na hao. Kufikia katikati ya miaka ya 80, bendi ilikuwa imesambaratika.

Si eti walikuwa wabaya. Vibali vya kufanya kazi vilikuwa vimeanza kuwa shida kwa wanamuziki wa Kongo waliokuwa hapa, na bendi ya watu zaidi ya kumi haiwezi kukaa ikiwa nusu yao hawajui kama mwezi ujao watakuwa nchini. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi aliyefika Nairobi 1977 na kuunda Orchestra Virunga 1981, alipitia mambo hayohayo. "Malako" yake ilikuwa inachezwa kila mahali huku bendi yenyewe haina uhakika wa karatasi. Miaka ya 90 akahamia Marekani. Leo Samba akiimba Nairobi, anakuja kama mgeni, kwa ndege, katika mji uliompa jina.

Sasa vuka mpaka uende Dar. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilisha jina, bendi ikabadilisha jina: JUWATA, OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park, hao Sikinde, walianza 1978 chini ya kampuni ya uchukuzi na teksi, kisha wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Waimbaji wamekufa, wengine wamehama, wengine wameibwa na bendi pinzani kwa mshahara mzuri zaidi. Jina likabaki, kwa sababu jina lilikuwa la taasisi, na taasisi ilinunua vyombo na kulipa watu mwisho wa mwezi. Huhitaji kuandaa tamasha la kurudi kwa bendi ambayo haikuondoka.

Huku kwetu bendi ilikuwa ya kiongozi wake. Simba Wanyika walianza Arusha 1971 kama Arusha Jazz, ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. George alifariki 1992, Wilson 1995, na hadithi ikaisha hapo. Les Wanyika, waliojitoa kwao 1978 na kutupa "Sina Makosa", walimpoteza John Ngereza mwaka 2000. Hebu uliza kijana yeyote hapa Kambi Muru aimbe "Sina Makosa". Atakuimbia yote, na gita la solo ataliiga na mdomo. Halafu muulize John Ngereza ni nani. Atakuangalia kama umeuliza jina la mwalimu mkuu wa Saturn.

Najua mtaniambia: buda, wazee ni wazee, wengi wameenda, unataka tufukue makaburi? La. Nataka walio hai wapande jukwaani wakiwa bado wanaweza kushika gita, na sisi tulipe mlangoni.

Imewahi kufanyika Afrika hii. Orchestra Baobab wa Dakar walivunjika miaka ya 80 wakati mbalax ya Youssou N'Dour ilipowafunika. Walikaa nje zaidi ya mwaka baada ya mwaka, kila mtu na shughuli zake. 2001 wakakutanishwa tena, 2002 wakatoa albamu mpya, na mmoja wa waliosimamia albamu hiyo alikuwa Youssou N'Dour huyohuyo. Kijana aliyewafunika ndiye aliyesaidia kuwafunua. Wakazunguka dunia miaka mingi baada ya hapo. Kuba nako Ibrahim Ferrer alikuwa anang'arisha viatu kabla ya Buena Vista Social Club ya 1997 kumrudisha kwenye maikrofoni, na alikuwa na karibu miaka sabini.

Sisi Youssou wetu ni nani? Tuna wanamuziki vijana wenye pesa na wafuasi milioni kadhaa. Wanachukua kipande cha rumba, wanakiweka chini ya biti, wanapata maoni ya YouTube, sawa. Sijasikia wengi wakisema, huyu mzee aliyepiga solo hii, nitamweka mbele ya watu wangu kwa dakika ishirini.

Na msidhani hizo familia ziko mbali. Longombas, wale wa "Vuta Pumz" na "Dondosa", ni watoto wa Lovy Longomba, ambaye alikuwa mwimbaji wa Super Mazembe. Babu yao ni Vicky Longomba wa bendi ya Franco. Kizazi kizima cha Nairobi kilicheza kapuka bila kujua kinacheza na damu ya Kasongo. Christian Longomba alifariki 2021. Unaona jinsi tunavyochelewa? Hata watoto wa hao wazee wameanza kwenda.

Tuongee ganji basi, kwa sababu heshima bila ganji ni porojo. Kuna imani mtaani kwamba wimbo ukivuma, mwenyewe anakula. Elani, ambao nyimbo zao zilikuwa kila redio, walijitokeza hadharani mwaka 2016 kusema MCSK iliwalipa shilingi 31,000. Hao ni vijana, wasomi, wana mashabiki wa kuwapigia kelele. Sasa fikiria mpiga besi wa 1977, pengine hata jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Mirabaha haitamfikia. Kitu pekee kinachoweza kumfikia ni pesa ya mlangoni, siku hiyohiyo, mkononi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo msinitarajie na jedwali, lakini hesabu hii ni ya darasa la sita. Tuseme watu 400, kiingilio 300. Hiyo ni 120,000. Toa 40,000 ya spika, jenereta na gari la kubeba vyombo. Inabaki 80,000. Bendi ya watu kumi na wawili, kila mmoja anaondoka na zaidi ya 6,500 kwa jioni moja. Si utajiri. Lakini fanya hivyo Kibera Jumapili hii, Kawangware ijayo, halafu Dandora, Mathare, Kangemi, na umepata ziara. Ziara ya mji mmoja, nauli ya mathree. Kawangware kuna hadi sehemu inaitwa Congo, sasa mnataka ishara gani nyingine?

Shida ni kwamba muziki wa bendi siku hizi umepandishwa kilima. Rumba ikitajwa, ni usiku Westlands, ama mchana Karen, meza imefunikwa kitambaa cheupe, na kiingilio ambacho huku ni kodi ya keja ya mwezi. Wanaokaa hapo wanaupenda muziki, sina ubaya nao. Ila hawa wazee hawakupigia kitambaa cheupe. Walipigia wafanyakazi wa viwandani na makarani. Miaka ya 70 kulikuwa na bugi za mchana hapa mjini, vijana wanacheza jua likiwaka na wanafika nyumbani kabla mama hajauliza maswali. Hiyo ndiyo saa inayofaa mtaa wetu hata leo. Usiku hapa usalama ni bahati na sibu, na mathree za mwisho zinapandisha bei kama ndege.

Mapromota huwa wanasema vijana hawawezi kusimama saa tatu wakisikiza wazee. Mimi nasema hawajajaribu. Wimbo mmoja wa rumba una dakika nane, na ile sehemu ya mwisho, gita zinapoanza kukimbizana na mwimbaji amenyamaza, ni kitu ambacho mtoto wa amapiano anakielewa mara moja. Ni ile subira yake, kisha ule mlipuko. Kasongo mwenyewe amethibitisha. Hakuna aliyelipwa kumtangaza.

Kuna suala moja ambalo sina raha nalo kabisa: bendi za jina. Watu sita ambao hawakuwahi kukutana na mwasisi hata mmoja, wanavaa mashati yanayofanana, wanajiita kwa jina la bendi ya zamani na kupiga harusi. Wengine watasema huo ni wizi. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Msondo ya leo si watu wa 1964, na bado ni Msondo. Kinachonikera ni pale ambapo mzee mwenyewe yuko hai, anaishi mtaa wa tatu, na hajaitwa hata kuimba kiitikio. Ukitumia jina, mtafute mwenyewe. Akiwa ameenda, tafuta familia. Si lazima uwe na wakili, ni simu moja tu.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya wazee pekee, wimbi letu jipya nalo limeanza kuota mvi. Just A Band walianza 2003 wakiwa Kenyatta University. Video yao ya "Ha-He" ya 2010 ndiyo iliyotupa Makmende, na kama ulikuwa na intaneti mwaka huo unajua mtandao wa Kenya ulianza kuwa na akili zake siku hiyo. Albamu yao ya 2012 iliitwa Sorry for the Delay. Madogo wa mtaa wetu wanamtaja Makmende bila kujua kulikuwa na bendi. Miaka kumi na kadhaa tu baada ya Makmende, si hamsini.

Kwa hivyo mkisikia bendi yoyote ya zamani inarudi barabarani, msiingie TikTok kwanza. Ulizeni kiingilio. Kikiwa juu, pigeni kelele kipunguzwe ama onyesho lije mtaani. Wanaharakati wetu wa simu waliweza kumpa rais majina mawili, basi hawashindwi kumsumbua promota mmoja.

Kamukunji yetu ya Kibera huwa wazi mechi ikiisha. Saa tisa hadi saa mbili, mia tatu mlangoni, wazee wakae kwenye viti vya mbele na wenye gita waletewe maji ya kunywa. Mimi nitabeba spika.