Kuja na Mtoto Kongamanoni si Kosa, Ila Tenga Siku

 

Mimi naishi Queensburgh, kitongoji cha Durban, kama kilometa 15 hivi kutoka katikati ya jiji. Nimepanga chumba cha uani, upande wa Malvern, karibu na ile reli ya zamani inayopita Escombe na Northdene. Nyumbani Bongo watu wakisikia Durban wanadhani naamka na kuona bahari dirishani. Jamani, mimi naamka na kuona ukuta wa jirani na mbwa wake. Baharini naenda pale tu ninapopata wageni.

Na wageni napata. Kila kongamano kubwa linapokaribia ukumbi wa ICC, simu yangu inaanza kulia. Mwaka huu ni mtu wa Dar, mwaka ule ni wa Nairobi au Kampala. Salamu zinaisha, kazi inaelezwa, halafu sauti inashuka kama ya mtu anayeulizia mali ya magendo: "Kaka, hivi ile sehemu ya michezo ya maji ni mbali na ukumbi? Maana nafikiria kuja na mama na watoto, ila ofisini sijawaambia."

Hiyo sauti kushuka ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa nini mtu mzima anayelipa nauli ya mwanawe kwa hela yake aone aibu kama kaiba?

Kwanza nijibu swali lenyewe: si mbali. ICC, ukumbi uliopewa jina la Inkosi Albert Luthuli, ulifunguliwa 1997. Hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa dunia wa UKIMWI wa 2000, ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi 2001, na ule wa tabianchi wa 2011. Kila mwaka mwezi Mei hujaa watu wa Indaba ya utalii. Ukitoka hapo kwa gari, dakika chache tu unafika uShaka Marine World, pale Point, karibu na mlango wa bandari. uShaka ilifunguliwa 2004. Kuna mabomba ya kuteleza majini (wa Dar mtakumbuka Wet 'n' Wild ya Kunduchi), kuna pomboo, na kuna matangi ya samaki yaliyojengwa ndani ya mfano wa meli kuukuu iliyozama. Unashuka ngazi, unaingia tumboni mwa meli, papa anapita pembeni ya kichwa chako. Upande wa samaki unaendeshwa na chama cha utafiti wa viumbe vya baharini kilichoanza 1951, kwa hiyo kiingilio chako kinasaidia pia watafiti. Hata mhandisi mbishi kama mimi hana la kusema.

Wenzetu wa nchi nyingine hawalioni jambo hili kuwa la siri. Kule Orlando, Marekani, Walt Disney World ilifunguliwa 1971, na 1983 jiji likapata ukumbi mkubwa wa mikutano jirani yake. Daktari au mwalimu anahudhuria mkutano wake mpaka Ijumaa, Jumamosi yuko na watoto kwenye foleni ya bembea, na hakuna anayemuuliza. Durban nayo ina ukumbi na bahari pua na mdomo. Kinachokosekana ni sisi kukubali.

Sasa nisimulie yangu, maana si vizuri kuhubiri huku nimeficha madoa.

Juni mwaka jana mke wangu alitumwa na ofisi yake, kutoka Morogoro, kuja kuwasilisha mada kwenye kongamano la siku tatu hapa Durban. Mimi nilikuwa sijarudi nyumbani mwaka mmoja na miezi minne. Binti yetu ana miaka sita, shule zilikuwa zimefungwa. Hesabu ilikuwa rahisi: nauli ya mama imelipwa na ofisi, ya mtoto tulipe sisi, analala kwangu Queensburgh, na baada ya kongamano mama anachukua siku zake tatu za likizo. Ofisi haikupoteza hata senti.

Lakini maneno yalianza kabla ya ndege kuruka. Mwanamume akisafiri na familia, watu husema "kampeleka mama watoto kutembea, hongera zake." Mke wangu alipoomba zile siku tatu aliambiwa na wakubwa wake kwamba safari ya kikazi si ya kulea, na kama mtoto anamshinda basi wangetuma mtu mwingine. Mtu aliyeandika ile mada kwa miezi saba! Alilia kwenye simu. Nikamwambia aje hivyo hivyo, mtoto nitamshika mimi, yeye afanye kazi yake.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Baba, nchi hiyo si ndiyo wanayochoma wageni?" Sikumbishia. Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika nchi hii, na Aprili 2015 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Durban hii hii. Nilimwambia ukweli: mama, hofu yako ina sababu, ila na sisi tunaoishi hapa tunajua pa kupita na saa ya kurudi nyumbani. Akasema haya, basi mlinde mjukuu wangu.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili, siku ya mada ya mke wangu, saa tatu asubuhi msimamizi wangu akapiga simu. Mashine ya kupimia mihimili ilikuwa imepatikana, na nisipoitumia leo nisubiri wiki tatu. Ndugu zangu, nilifanya ujinga. Nilimbeba mtoto hadi Howard College, nikamkalisha kwenye kiti nje ya maabara na daftari la kuchora, eti dakika ishirini. Dakika ishirini zikawa saa moja na nusu. Mtoto akaenda kutafuta choo, akapotea kwenye jengo, mlinzi akamkuta analia. Namba pekee aliyoikariri ni ya mama yake. Kwa hiyo mke wangu alipokea simu ya mlinzi wa Kizulu akiwa amebakiza watu wawili kabla ya kupanda jukwaani.

Alipanda akaongea, na nasikia aliongea vizuri. Lakini mimi najua alipanda na moyo gani. Wale wakubwa wa ofisini walisema mtoto atamharibia kazi. Aliyetaka kuiharibu alikuwa mimi baba, niliyekubali kumshika mtoto kwa mdomo tu. Mpaka leo naona aibu.

Jumamosi ndiyo tukaenda uShaka. Kiingilio cha watu watatu kilikuwa sawa na chakula changu cha wiki, nikalipa nikiguna. Juni hapa ni majira ya baridi, ingawa mchana jua lipo na hali ni nzuri. Maji ndiyo yaliyokuwa ya baridi. Binti aliteleza mara tisa huku midomo inatetemeka. Mimi nilikaa kwenye kiti pembeni na simu mkononi, kwa sababu yale matokeo ya Alhamisi yalikuwa na kasoro na msimamizi alikuwa anatuma ujumbe juu ya ujumbe. Katoto ka Kihindi kakamuuliza binti yangu kwa Kiingereza kama yule ni baba yake na kwa nini haingii majini. Akajibu kwa Kiingereza chake cha darasa la kwanza kwamba baba yuko mkutanoni.

Nilikuwa mita tatu tu kutoka kwake.

Nilizima simu. Niliingia kwenye yale maji na fulana yangu, nikapiga kelele kama mtu anayeibiwa, mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya mlinzi. Tulikaa mpaka walipotangaza kufunga. Msimamizi nilimjibu Jumatatu na mihimili ilikuwa haijaondoka.

Jioni tulitembea ile njia ya ufukweni, ambayo ukiifuata yote ni kama kilometa nane. Nikamweleza mke wangu kwamba chini ya sheria ya 1953 fukwe hizi ziligawanywa kwa rangi, zenye mchanga mzuri zikawa za Wazungu, na vibao vilisimama mpaka 1989 zilipofunguliwa kwa wote. Yaani mwaka niliozaliwa mimi vibao vilikuwa vimeondoka juzi tu. Mzee wa Kizulu tuliyemkuta amekaa pale ameshika kiatu cha mjukuu wake hakutalii kama tulivyokuwa tunatalii sisi. Nikawaza, hivi kweli tunaiita siku kama hii upotevu wa hela?

Jumapili hatukulipa kiingilio popote. Jirani na Queensburgh kuna Chatsworth, na huko wanaishi watu wanaoitwa Wazanzibari. Mababu zao walikombolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wakashushwa bandarini hapa kuanzia 1873. Wengi walikuwa Wamakua. Waliishi upande wa Bluff karibu miaka 90, kisha serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Nilimpitisha binti mitaa ile nikamwambia, watu wa pwani yetu walifika hapa zamani sana, nao hawakupewa tiketi ya kurudi. Akauliza kama walikuwa na watoto. Nikasema wengine waliwaacha. Akanyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Sasa hoja yangu. Sisi tulioko masomoni tunakosa mambo mengi ya nyumbani, misiba, harusi, meno ya kwanza ya watoto. Hatuna hela ya kwenda na kurudi. Kongamano ndiyo safari pekee inayolipiwa, na ikitokea kwamba nauli ya mmoja imeshalipwa, ni akili ya kawaida kuongeza ya mtoto na kukutana. Anayeita huo ni ufisadi aonyeshe senti ya ofisi iliyopotea. Ila na sisi tusiwape sababu. Nimejifunza haya kwa gharama:

Kwanza, sema wazi ofisini. Siku za kongamano ni za kongamano, siku za ziada ni likizo yako, imeandikwa na kusainiwa. Posho ni ya aliyetumwa. Ya familia toa mfukoni. Ukificha, ukionekana uShaka na kitambulisho cha mkutano shingoni, umekwisha.

Pili, usichanganye siku. Usiseme "asubuhi kikao, mchana maji." Utakuwa nusu huku na nusu kule, na wote wawili wataona umewaibia. Toa siku nzima kwa kazi, kisha siku nzima kwa mtoto, simu ikiwa imezimwa.

Tatu, anayebaki na mtoto awe na kazi hiyo moja. Akina baba, hili ni letu. Kama mama ndiye mwenye mada, wewe ndiye yaya, na maabara isubiri wiki tatu.

Nne, karatasi. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90, na Mkenya vilevile tangu Januari 2023. Lakini mtoto anayesafiri na mzazi mmoja ni habari nyingine. Masharti makali ya 2015 yalilegezwa 2019, hata hivyo mimi nasema beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na wakili. Usibishane na afisa wa uhamiaji huku mtoto ana usingizi. Na kabla ya kuja uliza siku ambazo michezo ya maji iko wazi, hasa miezi ya baridi.

Tano, na hili ni ombi kwa chama chetu: tuwe na orodha ya wanachama walio tayari kukaa na mtoto wa mwenzao kwa siku moja ya kongamano. Tunachangishana misiba na sherehe za uhuru, kwa nini tushindwe hili? Ningekuwa na namba moja tu ya kupiga asubuhi ile, binti yangu asingepotea. Mimi najiandikisha wa kwanza, chumba ni kidogo lakini uji upo.

Mwezi uliopita mke wangu ametumwa tena, safari hii Kigali. Wakubwa walimuuliza kama atakwenda na mtoto. Akawajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndiyo, na baba yake anakuja kumshika." Tiketi yangu nimeshaanza kuilipia kidogo kidogo. Msimamizi nimemwambia, na tarehe nimeiandika ukutani.

Nawasilisha.