Anunuaye Si Atumiaye

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kuzingatiwa tunapojadili jinsi serikali na mashirika yanunuavyo bidhaa.

Mtu binafsi aendapo sokoni, yeye ndiye achaguaye, alipaye na atumiaye. Katika taasisi, majukumu hayo hugawanywa. Mnamo 1972 wataalamu Frederick Webster na Yoram Wind walibainisha wahusika watano wa ununuzi wa aina hii: mtumiaji, mshawishi, mnunuzi, mwamuzi, na mlinda lango, yaani yule adhibitiye habari zinazowafikia wenzake.

Hata neno zabuni lina funzo. Katika Kiarabu, lilikotoka, humaanisha mteja. Waswahili wa kale walizabuni mnadani: wanunuzi wakishindana, bei ikipanda. Leo wanaozabuni ni wauzaji, na bei hutarajiwa kushuka. Neno lililomtaja mteja sasa lamtaja muuzaji. Nachelea kwamba yaliyolipata neno yamempata pia mtumiaji.

Chukua mfano wa vitabu vya shule. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, serikali ilipeleka fedha shuleni. Walimu wakachagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa na kuvinunua madukani. Malalamiko yakazuka kwamba fedha zilifujwa na vitabu kupotea. Kuanzia Januari 2018, wizara ikawa yanunua moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, nao huvifikisha shuleni. Hoja yake ilikuwa na mashiko: anunuaye kwa wingi hupata bei nafuu, na lengo lilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake.

Hata hivyo, mwalimu aliyekuwa mtumiaji na mwamuzi kwa pamoja amebakia mtumiaji tu. Kitabu kikiwa na maelezo yanayomtatiza mtoto wa Turkana au Lamu, mwalimu ndiye atakayetambua kwanza, ilhali hana tena fedha za umma za kuchagulia kingine.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 chataka ununuzi wa umma uzingatie haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama zenye manufaa. Sharti hilo la mwisho halitimizwi kwa bei ya chini pekee. Kitabu rahisi kisichoeleweka ni ghali mno, kwani kimelipiwa mara mbili: kwa fedha za mlipa kodi na kwa muda wa mwanafunzi.

Siombi turejee tulikotoka. Napendekeza tu kwamba walimu wa madarasani waulizwe kila mwaka kuhusu vitabu wanavyovitumia, na majibu yao yapewe alama zabuni inayofuata itakapotathminiwa. Wizara ibaki na mkoba. Sauti ya kuchagua irudi kwa aliyeshika chaki.